Tui la Pili

Nazi moja iliyokomaa hukamuliwa mara tatu. Kwanza hutoka kasimile, tui zito lenye kushika mwiko. Kisha chicha hutiwa maji ya uvuguvugu likakamuliwa tui la pili, na baada yake la tatu, ambalo halina tofauti kubwa na maji ya kunawia. Mambo haya nimeyaona tangu utoto wangu hapa Tanga, lakini sikuwahi kuyatia maanani, kama vile mtu asivyohesabu ngazi za nyumba yake mwenyewe. Ilinibidi nifikishe umri wa miaka 68, ninusurike na mauti, ndipo nikakaa juu ya kigoda jikoni, daftari mkononi, nikimwuliza mke wangu: "Hilo unalolitia sasa ni tui la ngapi?"

Naye akanijibu: "Mwalimu, leo na jikoni umekuja kukagua maandalio?"

Kilichonifikisha kwenye kigoda kile ni kongosho. Najua wapo wasomaji ambao neno hili hawajakutana nalo tangu walipoacha shule. Mimi nimelifundisha kwa miaka mingi. Nilikuwa nikichora ubaoni njia ya chakula kwa chaki za rangi: tumbo jekundu, ini la kahawia, matumbo yaliyojikunja kama kamba ya ng'ombe, na nyuma ya tumbo nachora kitu kidogo mfano wa jani la mwembe, naandika "kongosho", nasema inatoa majimaji ya kumeng'enya chakula, halafu naendelea. Nadhani sikupata kuipa zaidi ya dakika moja. Hiyo dakika moja imekuja kulipizwa kisasi.

Ilikuwa Desemba 2017, usiku wa kuamkia Jumapili, baada ya harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nilikula pilau sahani mbili, nikala na biriani ya watu wa meza ya pili kwa kuwa mpishi alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani na alitaka nionje. Yapata saa nane usiku nikaamshwa na maumivu juu ya kitovu, chini ya mbavu, yaliyopenya moja kwa moja hadi mgongoni kama vile mtu ananitoboa kwa keekee. Kulala chali sikuweza. Nafuu kidogo niliipata nikiinama mbele na kukumbatia mto. Nilitapika mpaka hakikubaki cha kutapika, na maumivu yakawa vilevile.

Hospitali ya kwanza niliyofikishwa, ambayo sitaitaja, kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alitazama majibu ya damu, akanitazama mimi, akauliza mbele ya mke wangu na shemeji zangu: "Mzee, pombe unakunywa kiasi gani kwa siku?" Nikamwambia sijawahi kuionja. Akatabasamu, akaandika kitu. Sikukiona alichoandika, ila najua tabasamu lile. Ni lile nililokuwa nikiwapa wanafunzi walioniambia kwamba daftari la mazoezi limeliwa na mbuzi. Kabla sijatoka kitandani habari ilikuwa imeshafika mtaani kwamba Mwalimu Mkuu ana ugonjwa wa walevi.

Simlaumu sana. Pombe ni moja ya sababu kubwa za ugonjwa huu, na hakuwa na makosa kuuliza. Makosa yalikuwa kutosikia jibu. Baadaye kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha kijiwe kwenye mfereji wa nyongo. Mfereji huo na ule wa kongosho huungana karibu na mlango wa utumbo mwembamba. Kijiwe kikikwama hapo, majimaji ya kongosho hayana pa kupita. Na majimaji yenyewe si ya mchezo. Kazi yake ni kumeng'enya nyama na mafuta, na nyama iliyo karibu zaidi ni kongosho yenyewe. Mtaalamu Hans Chiari alieleza jambo hili mwaka 1896, kwamba kongosho inaweza kujimeng'enya. Kwa ufupi, nilikuwa najila mwenyewe.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeniuliza habari ya sigara. Nilivuta kwa miaka 31, pakiti moja kwa siku, hata ofisini, dirisha likiwa wazi ili wanafunzi wasinuse. Sasa najua kwamba sigara huidhuru kongosho, hata kwa mtu asiyekunywa. Nimeiacha tangu usiku ule. Watu wa mtaa walinishuku kwa kosa nisilolitenda, wakanisamehe lile nililolitenda waziwazi mbele yao.

Nilikaa hospitali siku 34. Sehemu ya kongosho yangu ilikufa, na miezi mitatu baadaye nilipasuliwa, kifuko cha nyongo kikatolewa pamoja na mawe yake. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwingine, na hapa ndipo hasa habari yangu inapoanzia, kwa sababu kupona maumivu ni jambo moja na kula ni jambo jingine.

Nilikiogopa chakula. Aliyewahi kuumwa na nyoka anajua ninachosema. Kila nikitazama tonge naona ile keekee. Nikaacha nyama, nikaacha samaki, nikaacha maziwa, mayai, karanga, na nazi sikutaka hata kuisikia harufu yake ikikunwa. Nilibaki na uji mweupe, chai ya rangi na vipande vya mkate. Wageni waliokuja kunipa pole kila mmoja alikuja na chake: mlonge, habasoda, maji ya mwarobaini, na bwana mmoja aliyeapa kwamba binamu yake alipona kwa mkojo wa ngamia, ingawa hakusema ngamia huyo alimpata wapi hapa Tanga. Niliwashukuru wote.

Nilikuwa na kilo 74 kabla ya kuugua. Kufikia Agosti 2018 nilikuwa na kilo 51. Suruali nilizifunga kwa mkanda niliouongezea matundu matano kwa msumari. Na kuna jambo jingine, msomaji anisamehe, lakini nimekuwa mwalimu wa sayansi na siwezi kulificha: choo changu kilikuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, chenye mafuta, chenye kuelea, na harufu yake ilinifanya nione aibu kuwa na majirani. Nilidhani ni mabaki ya ugonjwa. Sikujua kwamba ilikuwa ndiyo barua yenyewe, nami nilikuwa siisomi.

Mwanangu aliyeko Dar es Salaam alinichukua kwa nguvu akanipeleka kwa daktari bingwa, mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti lakini si mpole wa maneno. Aliniuliza nakula nini. Nikamsomea orodha yangu kwa fahari fulani, kama mwanafunzi aliyefanya kazi zote za nyumbani. Aliponisikiliza hadi mwisho akasema: "Mwalimu, kongosho yako imetulia siku nyingi. Sasa unaugua woga, na njaa."

Kisha akanifundisha, na alifundisha vizuri, nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo. Kongosho nzima hutoa karibu lita moja na nusu ya majimaji kila siku. Yangu ilikuwa imebaki kipande, inatoa kidogo. Kwa hiyo hata hicho kichache nilichokula, mafuta yake yalipita bila kumeng'enywa yakatoka kama yalivyoingia, yakichukua pamoja nayo vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri ndani ya mafuta. Zamani, aliniambia, wagonjwa kama mimi walinyimwa chakula na mafuta kwa muda mrefu ili kongosho ipumzike. Siku hizi imeonekana kwamba mwili unaojijenga upya hauwezi kujengwa kwa uji mweupe. Alitaka nile milo midogo mitano au sita kwa siku badala ya mitatu mikubwa. Alitaka protini, gramu 1 hadi gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wangu. Mafuta nisiyakimbie, ila niyagawe katika siku nzima, nisiyarundike kwenye sahani moja kama nilivyofanya usiku wa harusi. Na kitu kimoja kilichonishangaza: nisijaze tumbo kwa majani na makapi. Ugali wa dona na kisamvu, ambavyo kila mtu huvisifu, kwangu vingeshibisha kabla sijapata chakula chenyewe, na makapi mengi huzuia dawa isifanye kazi. Dawa gani, nitaieleza baadaye.

Nikarudi Tanga na daftari la kurasa 96. Upande wa kushoto niliandika saa na chakula, upande wa kulia niliandika kilichotokea. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni karibu gramu 14. Kijiko cha chai ni gramu 4 na ushei. Kwa kipimo hicho niligundua kwamba nyumba yetu, watu watatu tu, ilikuwa ikimaliza lita moja ya mafuta kwa siku tisa, bila kuhesabu nazi. Sikusema kitu siku hiyo. Niliandika tu.

Samaki mweupe wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya, changu au chewa, alinikubali tangu siku ya kwanza. Kuku asiye na ngozi naye alinikubali. Supu ya mifupa tulijifunza kuichemsha jioni na kuiacha kwenye friji hadi asubuhi, mafuta yagande juu kama barafu, yaondolewe kwa kijiko. Yai moja, si mawili. Mtindi ulioondolewa siagi, wali, viazi vitamu, ndizi mbivu saa nne na saa kumi. Vitumbua niliviaga. Samaki wa kupaka nilimwaga vilevile, na sitajifanya kwamba sikusikitika.

Mlo mmoja ulinirudia kutoka mbali. Mwaka 1969 nilikwenda kusomea ualimu Mpwapwa. Sisi vijana wa pwani tulilia kwa mlenda. Hakuna nazi, hakuna mafuta, majani yanayoteleza na chumvi kidogo na magadi, ukiinua tonge linakufuata kama uzi wa buibui. Tuliandika barua nyumbani tukisema tunateswa. Mwenzangu mmoja wa Pangani alikuwa na kipande cha nazi kavu ndani ya sanduku, akawa anakinusa kabla ya kwenda bwaloni. Basi miaka 49 baadaye nikamwomba mke wangu mlenda. Akaniangalia kuona kama nina homa. Tuliupata sokoni kwa mama mmoja wa Dodoma, na yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu kuupika. Nikaula na samaki wa kuchemsha, nikalala usingizi wa fofofo. Upande wa kulia wa daftari niliandika: "Salama. Naiomba radhi Mpwapwa."

Lakini nazi ilikuwa vita. Mtu asiye wa pwani hawezi kuelewa. Mke wangu alianza kukuna nazi akiwa na miaka saba, juu ya mbuzi wa mama yake, na mbuzi huyo huyo tunaye mpaka leo. Kumwambia apike maharage bila nazi ni sawa na kumwambia asinisalimie. Kwa wiki kadhaa alinipikia ya kwangu kando, ya kuchemsha, na sahani yangu nikaila kama mtu aliyetengwa kwa ukoma. Alijitahidi, lakini nilimwona anavyonitazama nikila; alikuwa anaona aibu kwa niaba ya mchuzi ule.

Ndipo nilipokwenda na kigoda jikoni. Nilimwomba akamue nazi mbele yangu, kila tui kwenye bakuli lake, tukayaacha yatulie. Kasimile lilipanda mafuta juu kama kidole. La pili lilipanda utando mwembamba tu. Tukakubaliana: kasimile ni la sufuria yao, tui la pili ni langu, nusu kikombe. Alilitia kwenye mchuzi wa samaki dakika za mwisho, akakoroga bila kuacha ili lisikatike. Nilipoonja machozi yalinilengalenga, nikasingizia moshi. Upande wa kulia niliandika "Salama" na kupigia mstari mara mbili.

Mke wangu aliliona daftari. Tangu siku hiyo aliwaambia wanawake wenzake kwamba yeye ndiye daktari wangu.

Sasa niseme habari ya dawa.

Yule mama daktari aliniandikia vimeng'enya, kapsuli zenye chembechembe ndani, kila moja ikiwa na yuniti 25,000 za lipasi, kapsuli mbili kwa mlo mkubwa na moja kwa mlo mdogo. Hufanya ile kazi ambayo kongosho yangu haiwezi tena. Nilimwuliza zinatengenezwa na nini, swali la mwalimu tu. Hakunificha. Zinatengenezwa na kongosho ya nguruwe. Vipo vimeng'enya vya kuvu, alisema, lakini kwa hali yangu havitanitosha.

Mimi ni Mwislamu, na mke wangu ni binti wa mwalimu wa madrasa. Nilizibeba kapsuli zile hadi Tanga, nikaziweka juu ya kabati, na kwa siku 19 sikuzigusa. Nikapungua kilo nyingine mbili. Kisha nikaenda kwa sheikh mmoja wa mtaa wa pili, ambaye nilimfundisha darasa la nne na, kama kumbukumbu yangu ni sahihi, nilimcharaza mara mbili kwa utoro. Alinikaribisha kwa adabu zote. Akauliza maswali matatu: aliyekuambia ni tabibu mwaminifu? Ipo badala yake inayotosha? Ukiiacha itakuwaje? Nikamjibu yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu wangu, dharura unaijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Chukua kiasi cha haja yako, usizidishe. Na hiyo njaa uliyojiwekea kwa siku 19, nayo utaulizwa."

Nilianza kuzimeza usiku ule. Lakini mke wangu sikumwambia. Nilizihamishia kwenye chupa tupu ya vitamini, nikamwapisha na mwanangu anayeninunulia, kwa bei ambayo pensheni yangu inaijua vizuri, asitoe siri. Kila ilipokaribia saa ya chakula niliinuka nikaenda chumbani, nikameza, nikakaa kidogo ili nisionekane, ndipo nikaja mezani.

Nilianza kuongezeka. Kilo 52, kilo 55. Mke wangu akafurahi kupita kiasi. "Mnaona tui la pili?" aliwaambia wageni. Nikazidi kushindwa kusema, kwa sababu sasa haikuwa tena suala la nguruwe peke yake. Ningekuwa nampokonya kazi ya mikono yake.

Kwenye kilo 57 nikakwama, miezi minne nzima, na choo kikaanza kurudia hali yake ya zamani. Hapo ilikuwa imekaribia Ramadhani ya 2019. Daktari alikuwa amenikataza kufunga. Mtu wa milo sita hawezi. Nilikuwa nimekubali kutoa fidia, kulisha maskini mmoja kwa kila siku, lakini nilijua kwamba mchana wa Ramadhani, nyumbani mwetu, nikila nyuma ya pazia huku na mezea chumbani, nitakuwa na siri mbili, na mimi sina kipaji cha hata moja.

Nilimwambia alasiri moja akipeta mchele uani. Nilisema yote: nguruwe, sheikh, chupa ya vitamini, mwanetu. Aliendelea kupeta. Alitoa chuya moja, akatoa ya pili. Niliogopa kuliko nilivyoogopa chumba cha upasuaji.

Mwishowe akauliza, "Hiyo dawa inamezwa kabla ya kula au na chakula?"

"Na chakula," nikasema. "Tonge la kwanza, na nyingine katikati. Isitafunwe, na isimezwe na kitu cha moto."

"Na wewe unameza wapi?"

"Chumbani."

"Halafu unakaa huko kwa muda gani?"

Sikujibu. Miaka 38 ya ualimu, na jibu lilikuwa mbele yangu kwa mwaka mzima. Vimeng'enya vinatakiwa vikutane na chakula. Mimi nilikuwa navituma mapema, vikafika vikakuta tumbo tupu, vikapita. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wale wanaoruka swali la kwanza kwenye mtihani.

Akaunyanyua ungo wake, akaingia ndani. Jioni hakusema neno. Aliandaa wali, changu wa kuchemsha, mchuzi wa tui la pili nusu kikombe. Kando ya sahani yangu kulikuwa na kisahani kidogo cha kikombe cha kahawa, kile chenye ukingo wa buluu ambacho mama yake alimpa alipoolewa, na juu yake kapsuli mbili.

"Tonge la kwanza, Mwalimu," akasema.

Leo nina kilo 66. Kisahani kile hakitumiki kwa jambo jingine.